Maana ya mgawanyo wa gharama na faida katika ugavi wa dawa

Ni makubaliano kati ya wanaopokezana dawa (muuzaji, bohari, msafirishaji, hospitali) kuhusu nani alipe nini na nani apate nini wanapobadilisha utaratibu wa kazi. Haja yake ni kwamba anayeingia gharama mara nyingi siye anayevuna.

Tuchukue mfano wenye tarakimu za kubuni. Bohari iko Maruhubi, Unguja. Hospitali iko Wete, Pemba. Mzigo huvuka mara moja kila miezi 3, basi hospitali huagiza kwa hofu ya kuishiwa, na kila robo mwaka dawa za shilingi milioni 10 huisha muda zikiwa rafuni. Ukipelekwa kila mwezi, hasara inashuka hadi milioni 4. Hospitali imeokoa milioni 6. Bohari, kwa upande wake, imeongezewa safari 2: boti, wapagazi, na gari la upande wa pili, milioni 1.2 kila safari. Ikiachwa hivyo itarudia utaratibu wa zamani, na huwezi kuilaumu.

Kwanza, basi, bohari irudishiwe milioni 2.4 zake. Zinazobaki, 3.6, ndizo faida halisi. Zikigawiwa nusu kwa nusu, kila upande unapata 1.8. Nusu kwa nusu ni rahisi kuelezea, ila si haki ikiwa upande mmoja ndio ulionunua majokofu. Kwa taasisi za serikali si lazima fedha zipite mkono kwa mkono. Yatosha kuongeza fungu la usafiri la bohari.

Ugomvi huanzia kwenye ile milioni 10. Leja isipolinganishwa na kilichomo rafuni kabla ya kutia saini, kila mtu atakuja na hasara yake. Hesabuni pamoja.

Hasara nayo hugawanywa, na hapa ndipo mikataba mingi huwa kimya. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mfungashaji akitia vifuko vya barafu vilivyotoka kwenye friza moja kwa moja, bila kusubiri hadi maji yasikike yakicheza ndani, chanjo kama ya pepopunda huganda na kuharibika. Kosa ni lake, japo kasha lilikuwa mikononi mwa msafirishaji. Likipata joto kwa kuachwa juani gatini, kosa ni la msafirishaji. Kifaa cha kurekodi joto huonyesha saa ya tukio, kwa hiyo kisomwe bandarini mbele ya pande zote mbili, kabla mpokeaji hajatia saini.