Ubavu wa Adamu, kimondo cha Mbozi na maneno mengine ya vibarazani

Hapa Mbeya walokole tuko kila kona, simama pale Mwanjelwa jumapili uone spika tatu zinavyohubiri kwa mpigo, na mimi ni mmoja wao kwa hiyo msinianze na "huyu kapoa kiroho". Ila kuna vitu vinasemwa eti ni Biblia, vingine eti ni sayansi, ukifuatilia hakuna alivyosema Musa wala profesa.

DHANA: Mwanaume ana ubavu mmoja pungufu
Hii nimeisikia hadi kwa watu wazima na digrii zao. Mwanaume jozi 12, mwanamke jozi 12, yaani kila mmoja mbavu 24, wachache wanazaliwa na wa ziada basi. Na Mwanzo 2 inasema Adamu alitolewa ubavu, haisemi uzao wake utapungukiwa. Mzee akikatwa kidole na panga shambani mtoto wake si anazaliwa na vidole vyote jamani?

DHANA: Sayansi inasema babu yako ni nyani
Haisemi hivyo. Inasema binadamu na sokwe walitoka kwenye kizazi kimoja cha zamani wakaachana mamilioni ya miaka iliyopita, sasa lile swali la "mbona nyani wa leo hawageuki watu" linapinga kitu ambacho hakuna aliyekisema. Hata kipunji, nyani wa msitu wa Rungwe, yule aliyetangazwa kwa wanasayansi 2005, ni ndugu wa mbali tu. Kukataa unaruhusiwa, ila kataa kilichosemwa. Na ile stori ya Darwin, mwanasayansi mwenye wazo hilo, kutubu kitandani akikaribia kufa, ilitokea gazetini 1915 wakati mwenyewe alikufa 1882, na binti yake aliikana.

DHANA: Mwanasayansi hawezi kuwa mwamini
Lemaître aliyeleta wazo kwamba ulimwengu ulianza sehemu moja ukatanuka alikuwa padri. Francis Collins, aliyeongoza mradi mkubwa wa kusoma vinasaba vya binadamu uliokamilika 2003, ni mlokole kabisa. Tusonge.

DHANA: Biblia imeandika dunia ina miaka 6000
Hamna mstari huo. Askofu Ussher wa Ireland alijumlisha umri wa watu kwenye vizazi vya Biblia, na 1650 akatoa jibu kwamba dunia iliumbwa 4004 KK. Sasa nenda kwenye kile kimondo cha Mbozi pale Ndolezi (siku hizi mkoa wa Songwe, najua mtanirekebisha), zaidi ya tani 10 na karibu chote chuma. Vimondo ndivyo vilivyowapa wanasayansi umri wa dunia, miaka kama bilioni 4.5, kwa kupima madini yanayobadilika taratibu kwa kasi inayojulikana. Hapa sitawadanganya, mvutano ni wa kweli, wapo wapendwa wanaoshika siku sita za saa 24 na wapo wanaosema siku ya Mungu si saa zetu, na wote wanakaa benchi moja.

DHANA: Ukiombewa VVU, kipimo kikasema havionekani, umepona, acha dozi
Hii ndio inaniuma, maana Njombe, Iringa na Mbeya ndio mikoa iliyoathirika zaidi nchini. Mtu anatoka CTC (kliniki ya dawa za VVU) na karatasi imeandikwa virusi havionekani, anapanda madhabahuni anashuhudia, kanisa linapiga vigelegele, kesho vidonge viko chooni. Ile karatasi inasema dawa zimevifubaza mpaka kipimo hakivioni kwenye damu, lakini vingine vimelala ndani ya seli ambako dawa haivifikii. Omba, nami naomba, hakuna daktari atakayekukataza. Ila ukikatisha dawa, kwa wengi ndani ya wiki chache virusi vinapanda tena, na kwa wale wa kuanza na kuacha vinaweza kuzoea dawa zile zile, ikabidi uhamishiwe nyingine.