Swahiba haijatoka kwenye Uswahili

Hapa Dodoma ukipita soko la Majengo au ukipanda daladala utasikia watu wanaitana swahiba, yaani yule rafiki wa karibu kuliko wengine, wa kumwambia hata siri za nyumbani, na wengi wanaamini neno limetokana na Waswahili, kwamba swahiba ni Mswahili mwenzako. Inaeleweka, maana mwanzoni yanafanana kweli.

Ila machimbuko ni mawili. Swahiba limetoka Kiarabu, sahib, mtu mnayefuatana naye, mwenzi, ndo maana wale waliokuwa na Mtume wanaitwa maswahaba, ukoo ni huohuo. Swahili nayo imetoka Kiarabu lakini kwenye sawahil, yaani pwani, wingi wa sahil, kwa hiyo habari za urafiki hamna hapo.

Kinachochanganya ni hiyo sw. Kwenye swahiba ni namna tu ya kuandika herufi ya Kiarabu inayoitwa swadi, ndo maana wengine wanasema sahibu, kama wanavyosema sala na swala, saumu na swaumu. Ila sema Kisahili uone kama kuna atakayekuelewa, ile w ilikuwepo toka kwenye sawahil.

Kuhakikisha wala sio kazi, fungua kamusi inayoonyesha asili ya maneno, Kiarabu mara nyingi hufupishwa Kar, au muombe mtu aliyesoma madrasa akuandikie sahib na sahil, utaona moja inaanza na swadi na kuishia na ba, nyingine sini na lamu. Rafiki nalo ni Kiarabu, usishangae. Mshikaji ndo la kwetu kabisa, linatoka kwenye kushika.