Meza ya katuni haihitaji kampuni

Wadau, kuna hii kauli naisikia sana kwa vijana wachoraji hapa Dar, eti bila kampuni ya uchapishaji huwezi kuuza kazi zako kwenye tamasha la katuni. Sio kweli kabisa! Hata Comic-Con ya San Diego kule Marekani, iliyoanza 1970, ina eneo la wachoraji binafsi, mtu na meza yake. Cha muhimu uwe na kazi iliyokamilika, hata kijitabu cha kurasa 8 tu, yaani karatasi mbili za A4 umezikunja katikati ukapiga stepla pale stesheneri, bei uiandike kubwa, chenji uwe nayo na lipa namba ibandike mbele, maana mteja akishaanza kuulizauliza anasepa. Na usiinamie simu jamani, chora palepale mezani, watu wakiona mkono unatembea wanasimama.