Sevo si jina lingine la mota

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mtu akisema "sevo" akikusudia mota yoyote ndogo, na safari hii msemaji alikuwa kijana aliyeshika mkononi ndege ya povu, ile ndogo inayorushwa kwa rimoti, kwa hiyo kosa la neno lilikuwa limekwisha kumla pesa. Kwa kifupi, sevo ni kifaa kinachopokea agizo la kwenda mahali fulani, kinakwenda, kinajipima chenyewe kama kimefika, na kinaendelea kujirekebisha mpaka tofauti kati ya kilichoagizwa na kilichofikiwa iishe. Mota ni kiungo kimoja tu ndani yake.

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, servus, yaani mtumwa. Aliyeliingiza katika ufundi ni mhandisi Mfaransa Joseph Farcot, ambaye mwaka 1873 alichapisha kitabu kuhusu alichokiita "servo-moteur" au "moteur asservi", kiendeshi kilichotiwa utumwani. Mitambo yake ilitumia mvuke, kazi yake ikiwa kugeuza usukani wa meli, yaani ule ubao wa majini nyuma ya meli, ambao ni mzito mno kwa mikono ya mtu, na ndani yake hamkuwa na waya hata mmoja wa umeme. Kilichoifanya iwe sevo ni kwamba mshika usukani alipozungusha gurudumu lake mvuke ulifunguliwa, na usukani ulipofika kwenye pembe aliyoitaka, mwendo wa usukani wenyewe ndio uliofunga mvuke. Anayedhani kuwa sevo ni aina ya mota ya umeme na atafakari hilo kidogo: utumwa umo katika kule kufuata agizo, wala haumo katika kuzunguka.

Kiswahili kingeweza kutusaidia hapa kuliko Kilatini, kwa sababu mtumwa, ukilitazama neno lilivyoundwa, ni yule aliyetumwa, na aliyetumwa hutazamiwa kufika alikoagizwa, si kutembea tu. Kwetu Uganda kuna kichekesho cha ziada. Katika Kiluganda mtumwa ni "omuddu", ilhali "ssebo", neno linalokaribiana mno na sevo masikioni, ndilo tunalomwitia mwanamume kwa heshima, kama bwana. Nimewahi kumwona mgeni akigeuka kila fundi alipomwitikia mwenzake "ssebo", akidhani kuna kipuri kinachoulizwa.

Fungua sevo ya gramu 9, ile ndogo inayotumika katika ndege nyingi za povu, uone utumwa huo ulivyopangwa. Utakuta mota ndogo, safu ya gia za plastiki, kibao chembamba cha saketi, na chini ya ekseli inayobeba mkono wa nje kuna potenshiomita, ambayo kazi yake yote ni kuiambia saketi mkono uko pembe gani. Risiva, kipokezi cha redio kilichomo ndani ya ndege, hutuma mpigo wa umeme takriban mara 50 kwa sekunde, na urefu wa mpigo ndio agizo: milisekunde 1.5 ni katikati, moja ni upande huu, mbili ni upande ule. Saketi hulinganisha agizo na habari ya potenshiomita, na ikiona pengo husukuma mota. Pengo likiisha, hunyamaza. Ndiyo maana sevo zinazouzwa kwa ajili ya kuzungusha magurudumu mfululizo, ambazo potenshiomita yake imetenganishwa na ekseli, mimi naziita mota zenye gia zilizovaa kanzu ya sevo, hata kama muuzaji hapendi. Unaweza kuziagiza mwendo na upande, lakini hazijui ziko wapi.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Yule kijana mwenye ndege ya povu alinijia katika uwanja wa nyasi nje kidogo ya Mukono, akasema, "Ssebo, sevo imekufa tena. Ni ya pili sasa." Kibawa cha nyuma cha mkia, kile kinachoinua na kushusha pua ya ndege, kilikuwa kinapanda nusu tu, huku sevo ikivuma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Mota tupu ikivuma bila kuzunguka, mtu ana haki ya kudhani inakaribia kuungua. Sevo inapovuma, saketi yake inasema kwamba imeona pengo na inashindwa kulifunga. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na huyu kijana alikuwa amekwisha kuua wawili.

Nilichomoa waya unaounganisha mkono wa sevo na kibawa. Mvumo ukakatika papo hapo, na mkono ukaenda kote ulikoagizwa bila kelele. Kama ungeendelea kutikisika, ningeishuku potenshiomita iliyochakaa au betri dhaifu, na kijana angekuwa na haki yake. Kisha nikasukuma kibawa kwa kidole, nacho kikarudi kwa nguvu kama mlango wenye springi. Bawaba ya ndege hizi kwa kawaida si kitu kilichofungwa kwa skrubu, ni mstari wa povu lile lile uliopunguzwa unene ili ukunjike, na ndege ikiwa mpya mstari huo ni mgumu, kwa hiyo inafaa kuukunja na kuukunjua kwa mkono mara nyingi kabla ya kuruka. Wa kwake ulikuwa umepasuka kidogo, naye akaujaza supaglu, ambayo ilitambaa ndani ya mkunjo ikakauka na kuwa kama ukucha. Tulikata mstari wote kwa wembe, tukaunganisha upya kwa utepe mwembamba unaopitisha mwanga, kwanza juu, kisha tukakikunja kibawa nyuma kabisa kikalala juu ya mkia na kubandika utepe wa pili ndani ya mkunjo, gundi ikutane na gundi. Sevo aliyoiita maiti ilikisogeza juu na chini, kimya.

Basi ndugu zangu, mota iitwe mota, nalo jina la sevo libaki kwa kile kinachojua kilipo na kilipoagizwa. Na ile inayovuma, kabla ya kutangaza kwamba imekufa, tuseme kwanza kwamba imezuiwa, kisha tuchomoe waya tutazame kilichoizuia.