Hatari ya maporomoko ya theluji: namba 3 maana yake nini

Familia nyingi mkoani Kigoma, hasa zilizopita kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, zina ndugu Marekani, Kanada au Norwei. Ikifika Desemba, picha za theluji zinajaa kwenye simu. Wapo vijana ambao sasa wanapanda milima ya huko na wenzao wa kazini, mbali na njia zinazokaguliwa, na kwenye picha zao huonekana kibao chenye namba kuanzia 1 hadi 5. Hicho ni kiwango cha hatari ya maporomoko ya theluji.

Poromoko linaloua zaidi wapanda mlima si vumbi la theluji linalotiririka, ni bamba zima linalokatika na kuteleza kwa pamoja. Theluji hulala kwa matabaka. Usiku wa baridi kali usio na mawingu huota juu yake chembe kubwa zinazong'aa, nzuri kwa macho lakini hazishikani. Theluji mpya ikizifunika, na upepo ukaishindilia, unapata tabaka gumu lililokaa juu ya tabaka bovu. Tandaza chikichi kwenye ubao ulioinama, kisha laza bati juu yake: bati litatulia mpaka mtu aliguse. Huku mlimani, uzito wa mtu mmoja unatosha. Katika ajali nyingi, aliyelianzisha poromoko ni mwathirika mwenyewe au mwenzake. Zile habari za kwenye sinema kwamba ukipiga kelele mlima unashuka, zipuuze.

Mabamba haya hukatika zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Nyuzi 30 ni sawa na kupanda karibu sentimita 58 kwa kila mita 1 unayosogea mbele. Programu ya simu inaweza kupima. Ila usisahau kilicho juu yako: unaweza kuwa unatembea tambarare na poromoko likakufuata kutoka mteremko wa juu.

Sasa namba zenyewe. Ulaya inatumia mfumo huu tangu 1993, na Marekani na Kanada nao wana ngazi tano. 1 ni hatari ndogo, 2 ya wastani, 3 kubwa kiasi, 4 kubwa, 5 kubwa mno. Mtu akiona 3 anasema, "Aa, tuko katikati tu." Hapo ndipo watu wanapokosea. Hatari haipandi kwa hatua sawa. Kila ngazi inaizidi ya chini yake kwa mbali. Uswisi, karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea siku za namba 3. Siku za 4 na 5 barabara hufungwa na watu hukaa ndani. Siku ya 3 jua linawaka, theluji ni mpya, dalili hazionekani kila mahali, na kila mtu anataka kutoka.

Tena namba ni ya eneo zima, si ya mteremko ulio mbele yako. Taasisi ya theluji ya Davos, Uswisi, hutoa taarifa yake ya majira ya baridi saa 11 jioni na kuipitia upya saa 2 asubuhi. Humo hutajwa kimo na upande wa mlima wenye shida, kwa mfano pande za kaskazini juu ya mita 2,000. Kwa maoni yangu, anayesoma namba akaacha maelezo hayo hajasoma kitu.

Mlima nao unasema. Ukisikia chini ya miguu mlio mzito wa kitu kinachodidimia, ukaona ufa unakimbia kutoka ulipokanyaga, au poromoko jipya mteremko wa jirani, geuza.

Aliyefukiwa akichimbuliwa ndani ya dakika 10 hivi, mara nyingi anapona. Baada ya nusu saa, wengi wanakuwa wameshakosa hewa. Helikopta haiwahi muda huo. Mwokozi ni mwenzako uliyeongozana naye. Ndiyo maana kila mmoja hubeba vitu vitatu: kifaa cha redio cha kutafutana, fimbo ndefu ya kukunja ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na chepe. Kile cha redio huvaliwa mwilini kikiwa kimewashwa tangu mwanzo wa safari, kwa sababu begi linaweza kung'olewa mgongoni na poromoko, na kifaa kilichozimwa hakitafutiki.