Kabla ya Kubishana Juu ya Sauti, Pimeni Kanda

Wazee wawili wa Mji wa Kale wa Mombasa, mmoja wa Kibokoni na mwenzake wa Kuze, wamebishana kwa zaidi ya miaka kumi juu ya sauti ya mwimbaji mmoja wa taarab, ambaye sitamtaja jina kwa sababu ubishi wenyewe ungali na washabiki wake. Wote wawili walihudhuria harusi ileile na kusikia wimbo uleule, na kila mmoja anayo kanda ya usiku ule, iliyonakiliwa kutoka kanda ya mtu mwingine. Mzee wa Kibokoni hushikilia kwamba mwimbaji alipanda juu kuliko alivyopata kupanda maishani mwake. Mzee wa Kuze husema alikuwa na mafua, na sauti ilitoka nzito. Waliponiletea kanda zao, kila mmoja ameifunga yake katika mfuko wa plastiki kama hati ya nyumba, walitaka niseme nani mkweli.

Kazi yangu ni kuhamisha kanda na santuri za zamani kuziingiza katika kompyuta, na sehemu kubwa ya wateja wangu hapa Mombasa ni watu wa namna hii, ambao hawatafuti muziki tu bali wanatafuta usiku fulani waliokuwapo. Nimejifunza kutowajibu upesi. Kanda ya kaseti imekusudiwa kupita mbele ya hedi, kile kipande kinachoisoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini mwendo huo hutegemea mota ndogo, mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu, na kigurudumu cha mpira kinachoibana kanda ili isiteleze. Hewa ya chumvi na joto la pwani havina huruma na mpira. Mkanda ukilegea, kanda huenda polepole; fundi akiweka usiolingana na mashine, au akigeuza kijiti cha kurekebishia mota kwa kukisia, kanda hukimbia, na sauti ya mwimbaji hupanda pamoja nayo. Redio kaseti mbili za duka moja zinaweza kutofautiana kwa asilimia 3 au 4, na mwenye redio asijue, kwa kuwa sikio huzoea kile linachosikia kila siku.

Sasa fikiria kanda iliyonakiliwa kutoka redio inayokimbia, kisha nakala hiyo ikanakiliwa nyumbani kwa jirani ambaye redio yake inakokota. Kila mkono unaoipitia huongeza au hupunguza kitu. Nakala ya nne ikifika baraza la Kibokoni, mwimbaji aliyemo ndani anaweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Shahidi ninayemwita kwanza ni mvumo wa umeme. Stima ya Kenya hubadilisha mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na amplifaya ya harusini, iliyounganishwa kwa nyaya za kuazima kutoka nyumba ya jirani, hukosa mara chache kuvuma. Mvumo huo huingia katika kanda chini ya udi na dumbaki, na aghalabu husikika zaidi katika mizunguko 100, ambayo ni mara mbili yake. Mwimbaji anaweza kupanda au kushuka apendavyo, lakini mvumo wa umeme wa gridi hautoki katika 50 ila kwa kiasi kidogo mno. Basi ninapocheza kanda katika mashine yangu, ambayo huipima kila wiki, na kuuona mvumo ukisimama katika 52 kwenye skrini, nafahamu kwamba inakwenda kasi kwa asilimia 4. Kwa sikio, hiyo ni karibu theluthi mbili za hatua ndogo kabisa ya kinanda, ile ya kutoka kibao cheupe kwenda kile cheusi kilicho jirani yake. Si nyingi kwa asiyejali, lakini kwa mtu aliyemfuata mwimbaji kutoka Majengo hadi Malindi ni tofauti ya kijana na mtu mzima.

Kanda ya mzee wa Kibokoni ilikuwa na mivumo miwili. Mmoja ulikuwa katika 50 na mwingine katika 51, na kwa kuwa ilikuwa karibu mno, ilipigana: mvumo ulipanda na kufifia mara moja kila sekunde, kama mtu anayepumua usingizini. Ule wa 51 ulikatika kila mara mwenye kurekodi aliposimamisha mashine kati ya wimbo na wimbo, kwa hiyo ni wa harusini. Ule wa 50 uliendelea bila kujali, kwa hiyo uliingia siku ya kunakili. Kanda ya mzee wa Kuze nayo ilikuwa na 50 ya kunakili na 48.5 ya harusini. Mmoja alikuwa na mwimbaji aliyeharakishwa kwa asilimia 2, mwenzake alikuwa na mwimbaji aliyecheleweshwa kwa asilimia 3, na mafua hayakuwamo.

Mashahidi wengine ni ala zenyewe, ila si zote za kuaminiwa. Udi hautoi ushahidi, kwa sababu mpigaji huufunga kufuata koo la mwimbaji wa usiku huo. Taishokoto, ala ya Kijapani yenye vibonyezo kama vya taipureta, ambayo Mombasa tuliichukua tukaifanya yetu na ambayo mwimbaji Zuhura Swaleh aliipa nafasi kubwa katika nyimbo zake, ina nyuzi za kukazwa kwa mkono, na kwa hiyo nayo ni shahidi wa mashaka. Kodiani ni bora, kwa kuwa vijembe vyake vya chuma, vile vinavyotoa sauti, vilipangwa kiwandani na haviguswi jukwaani. Kinanda cha umeme ni bora kupita vyote, na ndiyo maana kanda za harusi zilizorekodiwa baada ya vinanda hivyo kuenea hunipa kazi nyepesi.

Lakini lazima nieleze siku nilipoudharau ushahidi mwingine, ule usioonekana kwenye skrini. Familia moja ya Majengo iliniletea kanda ya harusi ya bibi yao. Haikuwa nakala, ilikuwa kanda yenyewe, na kibandiko chake kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya wino. Upande wa kwanza ulivuma katika 52. Nikapunguza mwendo kwa asilimia 4, nikawapa faili, nikapokea ujira wangu. Baada ya siku tatu alikuja ami yao, mtu wa miaka karibu themanini, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kuegemea.

“Mwanangu, huyu siye,” akasema. “Mumemzeesha.”

Nikamweleza habari za mizunguko na asilimia kwa adabu zote, na nadhani pia kwa kiburi kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nilijua kwamba usiku ule stima zilipotea mtaa mzima, wakaenda kuazima jenereta, na kwamba stima hazikurudi hadi watu walipokwisha kula. Hapo nikanyamaza. Jenereta ndogo haina nidhamu ya gridi: ikiwa haijabebeshwa mzigo mara nyingi huzunguka kasi zaidi, hata kufika 52, na taa zikiongezwa hushuka. Nikaucheza tena upande wa kwanza nikiutazama mvumo wenyewe badala ya kuutafutia wastani, nikauona ukishuka na kupanda kwa vituo, kila mara taa au feni ilipowashwa na kuzimwa. Upande wa pili, uliorekodiwa kwa mashine ileile saa chache baadaye, ulisimama katika 50 kamili. Redio iliyorekodi ilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa kuwa mota ya redio kaseti haifuati mizunguko ya umeme wa ukutani. Aliyeharibu ni mimi. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa chochote, humuuliza mwenye kanda maswali ambayo zamani nilidhani ni ya porojo: harusi ilikuwa nyumba gani, jukwaa lilielekea wapi, stima zilikatika?

Kuna wanaoniambia kwamba taabu hii haina maana kwa sababu albamu zipo. Zipo, na nawahimiza watu wazisikilize kwa makini. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa “Mtindo wa Mombasa” ya Zein l'Abdin na “Mombasa Wedding Special” ya Maulidi Juma na kundi lake, na mwaka 1992 ikafuata “Jino la Pembe” ya Zuhura. Mwendo wa diski ya CD huongozwa na saa ya kielektroniki ndani ya mashine, hauna mkanda wa kulegea, na kwa hiyo albamu hizi ni kipimo kizuri cha sikio. Mwenye kanda za Zein, aliyezaliwa Lamu na kufanya Mombasa makao yake hadi alipofariki mwaka 2016, na aanze na diski ile: asikilize jinsi kila kipigo cha udi kinavyosimama peke yake, azoee uzito wa sauti, ndipo arudi kwenye kanda zake. Asisahau tu kuhesabu umri, maana sauti ya mwaka 1990 si ya miaka ishirini nyuma.

Hata hivyo albamu haikuchukua nafasi ya harusi, kama vile santuri haikuichukua. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu tu, na wimbo ulilazimika kutosha humo. Santuri za lebo ya Mzuri, zilizotolewa hapa Mombasa na duka la Assanand, nazo zilikuwa na mipaka yake. Ukumbini wimbo huohuo ungeweza kwenda robo saa, kwa kuwa mwimbaji hakuongozwa na saa bali na watu. Mtu anainuka kwenda kumtuza, noti mkononi, akitembea kwa madaha ili aonekane na anayekusudiwa kumwona. Mwimbaji akimwona anaurudia mshororo uliomwinua, mara ya pili, mara ya tatu, na vigelegele vinafunika maneno. Msikilizaji wa leo hudhani kanda imekwama. Aliyekuwapo anajua kwamba pale ndipo fumbo lilipomfikia mwenyewe. Ndiyo sababu sikubali kuondoa vigelegele ninaposafisha kanda, ingawa huombwa mara kwa mara na vijana wanaotaka muziki “safi”.

Mara nyingine kanda huisha kabla ya wimbo. Upande mmoja wa kanda ya dakika 60 ni nusu saa, na mwenye kurekodi, aliyekuwa ameshughulika na pilau, hakuwahi kugeuza. Hapo kumbukumbu za washabiki hurudi kazini, na hapo pia nina kipimo, safari hii cha mtunzi. Tungo nyingi za taarab ya pwani zina beti za mishororo mitatu, na kila mshororo una vipande viwili vyenye mizani nane kila kimoja, au sita. Mtu akinisomea ubeti uliopotea, nahesabu kwa vidole chini ya meza. Mizani ikipungua najua amesahau neno. Vina visipokutana najua amechanganya nyimbo mbili. Wanawake waliokuwa wakikaa mbele, karibu na wapigaji, hukosea mara chache sana kuliko wanaume waliokuwa barazani nje, na sioni ajabu, kwa kuwa nyimbo nyingi ziliwalenga wao.

Nirudi kwa wazee wangu. Niliziweka sawa kanda zao zote mbili, nikazicheza moja baada ya nyingine, na mwimbaji alikuwa mmoja. Mzee wa Kuze alitikisa kichwa taratibu, akasema huyo ndiye. Mzee wa Kibokoni hakukubali wala hakukataa. Aliniambia tu kwamba kwake kompyuta haipo, simu ya mjukuu ina sauti ya nyuki, na kwamba anataka wimbo urudi katika kanda ili ausikilize kwa redio yake mwenyewe, ileile aliyoinunua alipooa.

Nikamwomba ailete redio. Niliweka ndani yake kanda yangu ya kupimia, iliyorekodiwa mlio mmoja wa mizunguko 1,000 kwa sekunde, na redio ikautoa kwa 1,030. Ilikuwa ikikimbia kwa asilimia 3, juu ya zile 2 za kanda yake. Ndiyo sauti nyembamba aliyoitetea miaka yote. Nilimwambia mkanda wa mpira unaweza kubadilishwa na mota kurekebishwa kwa nusu saa. Akaishika redio kwa mikono miwili, akasema hakuna fundi atakayeifungua akiwa hai.

Basi nikamrekodia wimbo katika kanda mpya kwa mwendo uliopunguzwa kwa asilimia 3. Ukiicheza kwangu, mwimbaji ana mafua. Ukiicheza kwake Kibokoni, ni yeye.