Bakuli la mfenesi mbichi: kwa nini hapa Tanga tunalikereza mara mbili

Mti wa kukerezea bakuli hapa Tanga hauendi kuununua dukani. Mfenesi umeanguka uani kwa mtu, mwembe umekatwa kupisha nyaya za umeme, na ukiwawahi wauza kuni unaondoka na gogo la bei ya soda. Tatizo ni kwamba mti huo ni mbichi, umejaa maji. Ukilikereza bakuli siku hiyohiyo hadi mwisho, ukapiga msasa na kupaka mafuta, haichukui muda mdomo uliokuwa duara unakuwa kama yai, na pengine ufa umeshuka mpaka kitakoni.

Si mkono wako. Mti ukikauka haunywei sawasawa pande zote. Kuzunguka pete zake hunywea karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu wa gogo haunywei kiasi cha kuonekana. Mvutano huo ndio unaolipinda bakuli. Dawa yake ni kukereza mara ya kwanza likiwa nene, kuliacha lipinde litakavyo, kisha kulirudisha kwenye kerezo, mashine inayozungusha mti ukiukata, likiwa kavu.

Gogo likatwe lizidi upana wake kwa inchi mbili hivi, maana ncha ndizo zinazopasuka kwanza. Lipasue kwa urefu katikati ya kiini, kisha kila nusu iondolee tena nusu inchi hadi inchi moja ili kiini kitoke chote. Kikibaki hata kidogo, ufa utaanzia hapo. Ncha zipake nta ya mishumaa iliyoyeyushwa au rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, upake mara mbili. Wakati wa kaskazi fanya hivyo papo hapo. Jua la Januari halikungoji umalize chai.

Chora duara kwa bikari, punguza pembe kwa msumeno, halafu funga sahani ya chuma, ile inayoshika mti kwenye kerezo, kwenye uso bapa, ule uliokuwa upande wa kiini. Huo utakuwa mdomo wa bakuli, na matundu ya skrubu yatatoweka ukichimba ndani. Tumia skrubu za mbao zisizopungua sita, ziingie mtini inchi moja na zaidi. Zile nyeusi za kufungia jipsamu ziache kabisa: ni ngumu lakini hazipindi, hukatika shingo ghafla, na bonge la kilo sita likichomoka halichagui pa kwenda. Kichwa cha nyuma, kile cha upande wa pili wa kerezo, kisogeze kilibane bonge kwa ncha yake mpaka liwe duara.

Kasi ina hesabu nyepesi. Zidisha kipenyo kwa inchi mara mizunguko kwa dakika. Jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi ni mizunguko 600 hadi 900. Lakini bonge ambalo bado lina pembe anza nalo chini zaidi, 400 au pungufu. Kerezo nyingi za kuundwa mtaani zina mota ya mizunguko 1,440 hivi: puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 8 kwenye ekseli inakupa 360, na ya inchi 3 kwa ya inchi 6 inakupa 720. Mashine ikitetemeka, shusha kasi. Kuikandamiza kwa mguu si suluhisho, ingawa wengi ndivyo wanavyofanya.

Sasa bobari, patasi yenye mfereji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoogopa. Kunolewa kwake kwa bakuli ni nyuzi 45 hadi 50. Egemeo, chuma unachoegemeza bobari, lisogeze libaki robo inchi kutoka kwenye mti, zungusha bonge kwa mkono uhakikishe haligusi popote, ndipo uwashe. Bobari iguse egemeo kwanza, mti baadaye. Mfereji wake usitazame juu moja kwa moja; uulaze nusu, kuelekea unakokata. Gusisha kisigino cha mnoo, ile sehemu iliyo nyuma ya makali, ikisugua tu bila kukata. Kisha inua mpini taratibu. Makali yatashuka, na maranda yataanza kutoka: kwa mfenesi mbichi ni riboni ndefu za manjano, zenye majimaji, zinazokurukia mpaka kifuani. Hapo umepata pembe sahihi, usiiachie.

Bobari inanasa, yaani inazama ghafla na kukupiga mpini mkononi, pale makali yanapogusa mti bila kisigino kuegemea, au pale kona ya juu ya mfereji inapokutana na mti peke yake. Nje ya bakuli kata kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Ndani, kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukikata kinyume, nyuzi za mti zinainuka na kuchanika kama muwa. Ukiona mti mbichi unatoa vumbi badala ya maranda, simama ukanoe. Mfenesi una utomvu unaoganda kwenye makali. Zima mashine, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Kuhusu vifaa vya kuchonga mwenyewe: chuma cha springi ya gari kikipata mhunzi mzuri hutoa bobari safi. Kikiwa kwenye grenda usikiache kigeuke bluu, maana bluu ni dalili kimelegea. Kichovye maji mara kwa mara. Patasi za chuma cha dukani kisicholegea kwa joto hazitaki maji, kwani kupozwa ghafla kunaweza kuzitia nyufa ndogo. Na patasi iliyotengenezwa kwa tupa kuukuu sitaki kuiona kwenye kerezo. Tupa ni ngumu kama kioo, na ikinasa inavunjika juu ya egemeo, karibu na uso wako.

Unene wa mara ya kwanza ni sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Bakuli la inchi 10, ukuta inchi 1, na kitako vilevile. Ukiacha kitako kinene kuliko ukuta, ukuta utakauka mapema, kitako kiko nyuma, na ufa utatokea mpakani. Chini acha kishikio cha duara cha inchi 4 cha kubanwa na taya za kerezo. Kitakuwa yai pia, kwa hiyo mara ya pili kinyooshe kwanza kabla ya kugusa kingine.

Andika tarehe na uzito kwa penseli kitakoni, kisha litie bakuli kwenye mfuko wa saruji wa karatasi uliokung'utwa vizuri, pamoja na maranda yake. Mfuko wa nailoni utaleta ukungu kabla ya wiki kuisha. Pima kwa mizani ya jikoni kila wiki. Mwanzoni uzito unashuka haraka, baadaye gramu chache chache. Vipimo vitatu mfululizo vikifanana, bakuli limekauka kwa kadiri ya hewa yetu. Ni kazi ya miezi, na masika huiongeza.

Mara ya pili ni raha: nyoosha kishikio, ukuta ushuke hadi milimita 8, msasa 80, 120, 180, 240 kwa kasi ndogo, barakoa usoni. Mafuta ya nazi hayagandi, yatabaki kushika vumbi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hukauka. Vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke, visirundikwe, maana vinaweza kuwaka vyenyewe.

Kumbuka tu kwamba "kavu" ya Tanga si "kavu" ya Dodoma. Bakuli likihamia bara litanywea tena kidogo. Lenye kifuniko cha kubana kwa mteja wa huko likereze kifuniko kiwe na mchezo wa milimita 2 pande zote, la sivyo kitakwama kwenye mdomo na hakitatoka.